Kabla Hujapanda Mashua ya Watu

Kirimi mwanangu,

Salamu za kuuliza hali nitaziruka, maana mchana huu nimekuona ukimaliza sahani mbili za mukimo, na mtu wa namna hiyo hali yake inajulikana. Yangu ndiyo sina hakika nayo. Tangu utoke kwenda mjini kuchukua viatu vyako kwa fundi, nimekaa kwenye kiti hiki nikainuka, nikakaa tena nikainuka. Nimekimbilia maziwa ambayo hata sijayateleka. Nimefungua lango nikidhani kuna mtu anabisha, kumbe ni upepo unachezea mabati ya jirani. Hapa mtaani kwetu, huu wanaouita Dallas, upepo wa mwezi huu hauna adabu.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza swali, umesimama hapo mlangoni umenishikia Biblia. "Mum, ni sawa niende ama si sawa? Ukisema nisiende, siendi. Nitawapigia niwaambie watafute fundi mwingine." Ukaniambia baba yako ameshakubali, nimebaki mimi. Nikasema nitafikiria. Basi lako linaondoka kesho asubuhi, na wale watu wa mashua ya tanga wanakungoja Mombasa ukawatunzie injini mwaka mzima, ulale humo humo, ule humo humo, na mimi bado sijakujibu. Ndiyo maana naandika. Nikifungua mdomo nitaanza kuzungumza juu ya soksi.

Soksi utajua mwenyewe. Dawa, kofia, kupiga simu, kutokopesha watu usiowajua, hayo yote umeyasikia hadi umechoka, na baba yako atayarudia tena kesho kituoni. Mimi nataka kukuambia habari za kuishi ndani ya mashua, kwa sababu katika mtaa huu wote ni mimi na baba yako tu tunaozijua. Majirani wananionea huruma. Mama wa duka la kona ameniuliza kama unajua hata kuogelea. Hajui kwamba nyumba yako ya kwanza ilikuwa na nanga.

Najua unasema hadithi hiyo umeisikia. Umeisikia kwa baba yako, kila Krismasi, naye huisimulia kama nahodha. Mimi nitakusimulia kama mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kuanika nepi.

Baba yako alikuwa seremala kijana wa Githongo, mtoto wa watu wa kahawa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mtaro wa kuoshea kahawa kiwandani. Kule chini ya Gachoka, kwenye bwawa la umeme, kulikuwa na mzee mmoja mhandisi aliyestaafu, ambaye alileta mashua yake ya tanga kwa lori na kuitumbukiza majini. Alimwajiri baba yako kutengeneza mbao za ndani. Kisha mzee akaugua, akaenda kwa watoto wake ng'ambo, akamwambia baba yako, kaa humo uitunze mpaka nirudi. Akachelewa miaka. Katika miaka hiyo baba yako akanioa, na badala ya kunionyesha nyumba akanionyesha mlingoti.

Wazee wa kwetu walipokuja kuona boma la mkwe wao walisimama ukingoni na fimbo zao, wakaitazama mashua. Mmoja akauliza, "Na mbuzi hulala wapi?" Baba yako akasema mbuzi wako kwa baba yake, Githongo. Mzee akafikiri, akauliza tena, "Na nyumba hii, kesho ikiamka iko upande ule mwingine wa maji, sisi tutamtafuta binti yetu katika wilaya gani?" Baba yako akaeleza habari za nanga. Wazee wakaguna. Nilikuwa nyuma yao na kitenge changu kipya, na nakwambia ukweli, nami nilikuwa nataka kujua.

Humo ndani kulikuwa na chumba kimoja, kama tunaweza kukiita chumba. Baba yako ni mrefu, kwa hiyo miezi ya kwanza kila siku alianza kwa kugonga kichwa kwenye dari, na mimi nilijua kumekucha kwa mlio huo. Kila kitu kilikaa chini ya kitu kingine. Sukari ilikuwa chini ya ubao, ubao chini ya godoro, na baba yako juu ya godoro, kwa hiyo chai ya asubuhi ilihitaji kumwamsha mtu, kumsukuma, na kusikiliza malalamiko. Jiko lilikuwa limening'inizwa ili mashua ikiinama sufuria ibaki wima. Sufuria ilibaki wima kweli. Mimi niliyeshika kikombe ndiye niliyekuwa nimeinama, na chai nyingi ya nyumba ile ilinywewa na sakafu.

Viboko walikuja kujikuna mgongo kwenye ubavu wa mashua. Unakuwa umelala, unasikia kitu kikubwa kinajisugua upande wa pili wa ubao, polepole, kwa raha zake, nawe unatikisika kama maharagwe kwenye ungo. Mwanzoni nilikuwa nikiomba. Baadaye nikawa nagonga ubao kwa mwiko na kumwambia aende akajikune kwa wengine.

Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea nilipokuwa na mimba yako. Walivushwa mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kofia yake, na walipofika wote wakaenda kukaa upande wenye kivuli. Mashua ikainama. Birika likateleza, mkate ukateleza, mama mchungaji akateleza akaja kukaa mapajani mwangu. Tulifanya sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika kanisa letu.

Wewe tulikufunga kamba kiunoni ulipoanza kutambaa, na mwisho wa kamba tukaufunga kwenye mlingoti. Watu walisema tunamfuga mtoto kama mbuzi. Ulijifunzia kutembea humo, sakafu ikiyumba, na tulipokupeleka Githongo ukaanguka kila hatua kwa sababu ardhi ilikuwa imetulia mno. Mama wa baba yako alidhani unaumwa, akaita watu wa maombi. Walikuombea mchana kutwa, na wewe ulikuwa mzima kabisa, ulikuwa unangoja tu nyumba isogee.

Nimeinuka tena. Nilidhani ni wewe. Bado.

Nikwambie habari za cucu yako, mama yangu. Ulipozaliwa alikuja kunilea, kama ilivyo kwetu. Sasa wewe unajua, hata kama vijana wa siku hizi mnacheka, kwamba mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawagusani mikono. Mwanamume hapaswi hata kuona kitanda cha mama mkwe wake. Na paa letu lilikuwa moja, chumba kimoja, choo kimoja cha kupampu kilichokuwa nyuma ya pazia, ambacho mtu akikitumia hata samaki wanajua.

Baba yako alihamia kwenye kile kimtumbwi cha makasia tulichokuwa tukivukia, kilichofungwa nyuma ya mashua. Alilala humo chini ya turubai, magoti yamekunjwa, wiki zote ambazo mama alikuwa nasi. Mama naye, akisikia anakohoa huko nje, alikataa kwenda chooni. Aliona heri avushwe hadi nchi kavu kwenye vichaka. Lakini nani amvushe? Mimi nilikuwa mzazi, siwezi kupiga kasia. Baba yako ndiye pekee, na kimtumbwi chenyewe ni kidogo, ukikaa na mtu mnatazamana na magoti yanagusana. Mama alikaa akafikiri, kisha akasema, "Leteni gunia la mahindi." Likasimamishwa katikati. Kila asubuhi walivuka hivyo, mama upande huu, mkwe upande ule, na gunia katikati limenyooka kama mzee wa ukoo. Walizungumza kupitia kwangu, hata nilipokuwa sipo. Mama alikuwa akisema hewani, "Mtu akipiga kasia polepole, mwingine atachelewa." Na baba yako alijibu hewani, "Mtu akikaa katikati, mtumbwi utakwenda sawa."

Nilicheka sana siku zile. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba wale wawili waliishi kwa amani kuliko mimi na baba yako, ambao hatukuwa na gunia. Walijua mahali palikuwa padogo, wakajenga ukuta kwa adabu. Akipita mmoja, mwingine anatazama maji. Akivaa mmoja, mwingine anaanza kuimba ili ajulikane yuko wapi. Utaishi na watu sita usiowachagua, Kirimi. Utajua nani anakoroma na nani anaongea usingizini, na kuna mengi utayasikia ambayo itabidi usiwe umeyasikia.

Sasa nifike mahali ambapo baba yako hapafikii kila Krismasi.

Ilikuwa wakati umeanza kusema neno moja moja. Nilitamani githeri. Nyumbani kwetu githeri huinjikwa asubuhi kwenye mafiga, ikasahauliwa, kuni ni za kuokota. Nikainjika mahindi makavu na maharagwe kwenye lile jiko la gesi linaloning'inia, nikafua, nikakulaza, nikaendelea na mambo yangu. Mahindi yalikuwa ya zamani, hayakutaka kuiva. Yalipoiva, mtungi wa gesi tuliotegemea hadi mwisho wa mwezi ulikuwa umekwisha, na mtungi ule baba yako alikuwa akiupeleka Gachoka kujazwa kwa baiskeli, mlima mtupu.

Alirudi kutoka kutega nyavu, akapata githeri tamu na hakuna moto wa chai. Akasema watu wa kwetu, Wambeere, wanaweza kuchoma msitu mzima kwa sahani moja ya githeri. Nikamjibu kwamba watu wa kwao, Wameru, hukasirika kwanza ndipo wakauliza kulikuwa na nini. Akasema neno juu ya mama yangu na lile gunia. Nikasema neno juu ya baba yake, ambalo sitaliandika kwa sababu una jina lake. Na ukikasirika ndani ya mashua, mwanangu, huna pa kwenda. Huna shamba la kwenda kupalilia kwa hasira wala jirani wa kwenda kumsengenya. Unakaa kwenye benchi, naye yuko kwenye benchi lile, na magoti yenu yanakaribia kugusana.

Mimi nilipata pa kwenda. Nikakufunga mgongoni, nikachukua simu, nikashuka kwenye kimtumbwi, nikapiga makasia hadi ukingoni, nikakifunga kwenye mgunga, nikatembea hadi kwetu. Nilikwenda kama mke yeyote aliyekosewa anavyokwenda, kukaa kwa mama yake na kungoja. Mume huja. Huja na mzee mmoja au wawili, anakohoa langoni, mambo yanazungumzwa, mnarudi. Ndivyo inavyofanywa, na mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimepanga maneno.

Hakuja. Siku ya kwanza nikasema anajikaza. Siku zilizofuata nikasema ana kiburi. Ilipokaribia wiki nikaanza kumwambia mama kwamba hanipendi, hakunipenda kamwe, alitaka tu mtu wa kumpikia humo majini. Nililia, Kirimi. Nilikonda. Wewe ulikuwa umelikamata neno "baba" na ulilisema siku nzima, nami nikakwambia unyamaze, mtoto ambaye hajui hata anasema nini.

Kisha mvuvi mmoja anayemjua baba yako akanikuta sokoni. Akasema, "Mama Kirimi, ni soko gani hili la wiki nzima?" Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Mzee wako nikipita namuuliza mama yuko wapi, anasema ameenda soko, anarudi saa hii. Lakini anatafuna mahindi makavu, na ndevu zimeota."

Nilikwenda kumwambia mama huku nimepandwa na hasira upya, nikisema, unaona, anakula raha zake, hata kuja kunichukua hataki. Mama alikuwa anapepeta pojo. Akaacha ungo. Akaniuliza, "Na mtumbwi uko wapi?"

Nikasema, "Niliufunga ukingoni."

"Upo mwingine?"

Nikasema hakuna.

"Na simu?"

Nikaitoa mfukoni, simu yetu moja, nikaitazama.

Mama akaanza tena kupepeta. "Sasa alikuwa akuje na nini?" akasema. "Na mamba wote hao."

Niliondoka saa ile ile. Nilipiga kasia hadi mikono ikatoka malengelenge. Baba yako alikuwa amekaa juu, karibu na usukani, amefua nepi ulizoacha zote na kuzianika kwenye kamba za tanga. Nilifikiri atanifokea, na ningelistahili. Alishika kamba ya mtumbwi, akakupokea, akaniuliza, "Soko lilikuwaje?" Nikasema, "Lilikuwa na watu wengi." Tukanywa uji baridi niliokuja nao kutoka kwa mama.

Tungeiacha hapo kama tungekuwa na nyumba yenye vyumba. Lakini hapakuwa na vyumba, na siku ya pili tulikaa kwenye yale mabenchi yetu tukatazamana, na ikabidi tuseme. Aliniambia kwamba wavuvi walipita kila siku, na angeweza kumwambia yeyote, nivushe, mke wangu ameniacha. Hakuweza kulitoa neno hilo mdomoni. Akaona afadhali mahindi makavu. Nami nikamwambia kwamba nilikuwa nimemngoja kila siku nikiwa nimeketi juu ya njia yake ya pekee ya kuja. Niliona aibu ambayo bado naihisi nikiandika. Na nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Sijakuandikia haya ili ucheke tu, ingawa ucheke. Nakuandikia kwa sababu umenirithi. Sura ni ya baba yako, lakini ukikasirika unatafuta mlango, kama mimi. Kule gereji ya Meru mkubwa wako alikutukana mara moja, ukaondoka hata spana zako ukaziacha. Ulipokosana na baba yako juu ya pikipiki ulihamia kwa binamu yako, na ukakaa huko ukingoja akuite, na simu umeizima. Nilijua umeizima kwa sababu nilipiga. Sikukwambia kitu. Ningekwambia nini, na mimi ndiye niliyekufundisha nikiwa nimekubeba mgongoni?

Hilo ndilo lililokuwa likiniinua kwenye kiti wiki nzima. Si maji, maji nayajua. Niliwaza siku mtu mmoja wa mashua ile atakapokwambia neno baya, nawe ukatafuta mlango, na mlango unafungukia bahari.

Jumatano baba yako alikwambia kwamba unakwenda kuwa boi wa watu. Nilikuwa dirishani. Nilikuona umeweka kikombe chini, ukatoka, ukafungua lango, ukasimama barabarani. Nikajisemea, basi, ameenda kwa binamu. Ulisimama pale ukatazama bodaboda zikipita. Kisha ukarudi, ukafunga lango vizuri, ukakaa mbele ya baba yako, ukamwambia, "Baba, hiyo haikuwa poa. Imeniuma." Ukamaliza chai yako. Naye baba yako, nafikiri hukuona, alisogeza sahani ya ngwaci, vile viazi vitamu, ikaja upande wako. Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Mimi na baba yako tulihitaji mashua nzima na mtungi wa gesi kujifunza kufanya hivyo, na wewe umefanya hapa uani.

Nasikia lango. Sasa ni wewe kweli, natambua unavyolisukuma kwa mguu. Niandike haraka.

Jibu nilikuwa nalo tangu Jumapili, palepale mlangoni, kabla hujamaliza kuuliza. Hata kabla ya Jumatano. Hofu ni yangu, haikuwa jibu. Nenda, mwanangu. Nenda na moyo wangu wote. Nililificha jibu kwa sababu moja tu, na ni ya ubinafsi. Tangu uanze kulingoja umekuwa ukikaa nami jikoni. Umenimenyea viazi bila kuombwa, umenichagulia mawe kwenye maharagwe, umeniuliza nilikuwa msichana wa namna gani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilijua nikishakujibu utakwenda kupanga begi.

Basi nimekujibu.

Mama yako